Shoka Lisilo na Chapa

Nenda Gikomba au Kamukunji siku yoyote ya wiki, pita nyuma ya vibanda vya majiko na masanduku ya bati, na utafika mahali ambapo chuma kinauzwa kwa kilo. Kwenye lundo kuna springi za gari, mabomba, bawaba za milango, vipande vya injini, na mara moja moja kichwa cha shoka kilichopoteza mpini wake zamani. Kimevaa kutu hadi huwezi kujua kama kina miaka 20 au 120. Muuzaji hana haja na umri wake. Atakiweka kwenye mzani, atataja bei, na usipokichukua, jioni kitaondoka na lori pamoja na vile vingine vyote.

Siku hizi kuna vijana wanaovichukua vichwa hivi. Wengine wanataka shoka la kupasulia kuni za nyama choma kule shags, wengine wanapenda tu kuona kitu kilichokufa kikifufuka. Swali la kwanza la kila anayeanza ni lile lile: nitaitoaje hii kutu? Ni swali zuri na lina majibu ya bei nafuu, tutayafikia. Lakini kuna swali linalostahili kutangulia: chini ya hii kutu kuna kazi ya nani? Maswali haya mawili yanakwenda pamoja, kwa sababu namna utakavyosafisha ndiyo itaamua kama jibu la swali la pili litabaki kwenye chuma au litamwagwa na maji machafu.

Tuanze na kutu yenyewe. Kutu ni chuma kinachorudi kilikotoka. Ardhini chuma hakipatikani kikiwa safi. Kimeshikana na oksijeni ndani ya mawe mekundu au mchanga mweusi, na mhunzi hutumia makaa na moto mkali kuwatenganisha hao wawili. Ukiliacha shoka kwenye unyevu, oksijeni inarudi polepole, na baada ya miaka unabaki na unga mwekundu unaofanana sana na udongo wa mwanzo. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo maana inavimba, inapasuka na kubanduka kama magamba, na kila gamba likianguka unyevu unapata njia mpya ya kuingia.

Lakini kutu si ya aina moja. Chini ya ile nyekundu, mara nyingi utakuta utando mwembamba mweusi ulioshikana kabisa na chuma. Huo nao ni chuma na oksijeni, ila kwa mpangilio mwingine ulio thabiti zaidi. Hautafuni kwa kasi, na kwa kiasi fulani unakinga kilicho chini yake. Wanaojua kazi hii hawaugusi. Nyekundu inatoka, nyeusi inabaki. Ukishika kanuni hiyo moja tu, tayari umewapita wengi waliotangulia na grainda.

Sasa geuza kichwa cha shoka mkononi na uangalie nyuma, upande usio na makali. Hapo ndipo historia inagawanyika.

Kuna shoka lenye tundu. Chuma kina shimo, na mpini unapita ndani ya shimo hilo, kisha unabanwa kwa kabari. Hili ndilo shoka la dukani, na ukilichora kwa mtoto wa chekechea atalitambua. Kuna shoka la pili ambalo halina tundu lolote. Nyuma ya bapa lake chuma kinaendelea kwa kupungua kama mkia, hadi ncha. Mkia huo huitwa msuka. Hapa mambo yamegeuzwa: badala ya mpini kuingia kwenye chuma, chuma ndicho kinachoingia kwenye mpini. Fundi huchonga mpini wenye kichwa kinene kama rungu, hupasha msuka moto na kuuacha uchome njia yake mwenyewe ndani ya mti. Kila unapopiga gogo, pigo linausukuma msuka ndani zaidi, kwa hiyo shoka hujikaza lenyewe kadri unavyofanya kazi. Ukiligeuza lile bapa robo mzunguko, likalala kama jembe, umepata tezo la kuchongea. Chuma kimoja, zana mbili.

Umbo hilo la pili ndilo lililotumika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki kabla ya maduka. Wakikuyu huliita shoka ithanwa, Wajaluo huliita le, na Wakamba huliita ithoka, neno ambalo huhitaji mtu wa kukuambia kwamba ni ndugu wa shoka letu la Kiswahili. Ukikuta kichwa chenye msuka kwenye lundo la Kamukunji, kimepigwa na mhunzi, kwa nyundo, mahali fulani katika eneo hili. Kiwanda cha Ulaya kilikuwa na kazi yake, na kazi hiyo ilikuwa ya tundu.

Na hapa ndipo anayeanza hupotea, kwa sababu lile la msuka halina jina. Halina chapa, halina namba, halina nembo ya mnyama. Umbo lake haliko sawa pande zote. Linafanana na kipande cha chuma kilichopondwa. Lile la tundu, ukilisugua kidogo, linaanza kukuonyesha herufi, na herufi zina raha yake: unaingia kwenye intaneti, unapata kiwanda, mji na mwaka. Basi lenye herufi linapelekwa nyumbani na lisilo na herufi linabaki kwenye mzani. Ni uamuzi wa dakika moja, lakini ukirudiwa kila siku na kila mtu kwa miaka mingi, unaamua ni historia ya nani itakayobaki.

Hebu tuzisome zote mbili.

Chuma si mgeni hapa. Kule Siaya kuna mahali panaitwa Urewe, palipozipa jina vyungu vya wakulima wa kale walioishi kuzunguka Ziwa Victoria, watu ambao tayari walijua kuyeyusha chuma. Upande wa Pwani, Kwale nayo imevipa jina vyungu vya watu wa aina hiyo walioishi huko katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Mwaka 1154, mwanajiografia al-Idrisi alimaliza kitabu chake akiwa Sicily, kwenye kasri la mfalme Roger wa Pili. Yeye mwenyewe hakufika huku, alitegemea habari za wasafiri, lakini kuhusu Malindi aliandika kwamba watu wake walichimba chuma na kwamba biashara hiyo iliwaletea faida kubwa. Karne nane baadaye, mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba alifanya utafiti mrefu juu ya uhunzi wa Pwani, ikiwemo mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma kule Galu, kusini mwa Mombasa.

Wazee husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtepe, ule mtumbwi mkubwa wa Waswahili uliosafiri baharini, ulishonwa kwa kamba za nazi bila msumari wa chuma. Watu husimulia hilo kama ajabu ya kamba. Lakini zile mbao zilikatwa na kuchongwa kwa kitu. Nyuma ya chombo kisicho na chuma hata kidogo kulikuwa na shoka na tezo, na nyuma ya hizo kulikuwa na mhunzi.

Bara, kazi ilikuwa ya jasho zaidi kuliko tunavyofikiria. Kwenye nchi ya Wakikuyu, mchanga mweusi wenye chuma ulioshwa kwenye maji ya mito hadi udongo uende na uzito ubaki. Mchanga huo uliwekwa kwenye tanuri la udongo pamoja na makaa, na viriba vya ngozi ya mbuzi vikavuta na kupuliza hewa kwa saa nyingi. Chuma safi huyeyuka karibu na nyuzi 1,538, na tanuri hizo hazikufika huko. Hazikuhitaji kufika. Kilichoyeyuka ni uchafu, yale tunayoita mavi ya chuma, na kilichobaki ni bonge lenye vishimo kama sifongo. Mhunzi alilipasha tena na kulipiga, akalipasha na kulipiga, hadi uchafu ukatoka na chuma kikashikana. Shoka moja lilikuwa limeshakula miti na siku nyingi kabla halijakata mti wake wa kwanza.

Mambo haya yaliandikwa na watu waliofika wakati moto bado unawaka. Scoresby na Katherine Routledge waliishi Nyeri na kitabu chao cha 1910 kina maelezo na picha za wahunzi wa Kikuyu. Jomo Kenyatta naye, katika kitabu chake cha 1938, aliuweka ufuaji chuma kwenye sura ya viwanda. Chagua lake la neno lina maana. Wakati ambapo serikali ya kikoloni ilizungumza kana kwamba viwanda vimekuja na meli, yeye aliandika kuhusu viwanda vilivyokuwepo.

Mhunzi hakuwa fundi wa kawaida tu machoni pa jirani zake. Kwa Wakikuyu, muturi aliheshimiwa na kuogopwa, na laana yake ilihesabiwa kati ya laana nzito. Kwa Wamaasai, wahunzi walikuwa kundi lao, il-kunono, na watu wengine hawakuoana nao, ingawa mkuki wa kila moran ulitoka mikononi mwao. Milima ya Samia, karibu na mpaka wa Uganda, ilijulikana kwa chuma chake, na majembe ya Samia yalifika mbali na hata kulipwa kama mahari. Kwa hiyo ukisema shoka la msuka halina jina, jua kwamba kijijini kwake lilikuwa nalo. Kila mtu alimjua aliyelipiga. Chapa ni ya bidhaa inayouzwa kwa mtu asiyekujua.

Sasa tugeukie lile lenye herufi.

Katikati ya Uingereza, kuzunguka Birmingham, kuna eneo lililopewa jina la Nchi Nyeusi kwa sababu ya moshi na makaa yake. Karne ya 19 eneo hilo lilitengeneza zana kwa ajili ya dunia nzima. Edward Elwell alianza kazi Wednesbury mwaka 1817. William Gilpin alikuwa Cannock. Kiwanda cha Brades kilikuwa Oldbury. Wolverhampton kulikuwa na Chillington, waliouza majembe katika makoloni ya nchi za joto yakiwa na alama ya mamba. Ukikuta neno ELWELL, GILPIN au BRADES limegongwa kwenye shavu la shoka, limetoka huko. Ukikuta alama ya mshale mpana unaoelekea juu, hiyo ilikuwa alama ya mali ya serikali ya Uingereza, mara nyingi ya jeshi. Shoka hilo liliwahi kuwa na stoo, na daftari, na mtu wa kulisainia.

Zana hizi zilipata njia pana baada ya reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Reli yenyewe ilikuwa mlaji mkubwa wa mashoka: vichaka vya kufyekwa na, kwa miaka mingi, kuni za kulisha injini za mvuke. Kisha wakaja walowezi waliotaka mashamba kwenye ardhi iliyokuwa na miti na wenyewe, na maduka ya Wahindi yaliyopeleka bidhaa hadi vituo vidogo kabisa. Shoka la dukani lilikuwa na faida ya kweli, tusidanganyane. Lilikuwa zito, lilifanana na lingine la aina yake, na bei yake haikuhesabu siku za kuosha mchanga mtoni. Mkulima aliyelichagua hakuwa msaliti wa mila. Alikuwa na msitu mbele yake na mfuko mdogo.

Lakini angalia kilichokufa na kilichobaki, kwa sababu hapo ndipo stori ya kawaida inakosea. Kilichokufa haraka ni kuyeyusha. Waya za chuma zilikuwa zimeanza kuingia na misafara ya karne ya 19, na baada ya reli vikaja vipande, vyuma vya mikokoteni, mapipa, nati na boliti. Nani angepuliza viriba siku nzima kupata bonge moja wakati chuma kilichokwisha kusafishwa kinauzwa sokoni? Tanuri nyingi zilizimika katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Kufua hakukuzimika. Mhunzi alichukua chuma cha kigeni na kukipiga katika umbo alilolijua. Kuna mashoka ya msuka ambayo chuma chake kilitoka Birmingham na akili yake ikatoka Murang'a.

Wanandi walilijua hilo mapema. Katika miaka yao ya kupigana na Waingereza, kati ya 1895 na 1905, walikata nyaya za simu na kuzifanya mapambo, na vyuma vya reli vikageuzwa silaha. Wakoloni waliita wizi. Mwaka 1905 Koitalel arap Samoei aliuawa alipokwenda kwenye mkutano ulioitwa wa amani, na reli ikaendelea. Lakini wazo la kwamba chuma cha mkubwa kinaweza kuwa malighafi ya mdogo halikufa naye. Nenda Kamukunji leo uulize panga au shoka zuri la kienyeji limetengenezwa na nini, na fundi atakuonyesha springi ya gari. Anajua springi ina chuma cha pua kigumu kinachoshika makali. Hiyo ni elimu ile ile ya muturi, imebadilisha tu mahali inapookota malighafi yake. Shirika la Kazi Duniani liliandika ripoti kuhusu ajira Kenya mwaka 1972, na ripoti hiyo ikafanya dunia ianze kuzungumza juu ya sekta isiyo rasmi. Sisi tuna jina fupi zaidi: jua kali.

Haya, turudi kwenye shoka lako. Kwa kuwa sasa unajua linaweza kubeba nini, hivi ndivyo unavyolisafisha bila kulinyamazisha.

Kabla ya kugusa chochote, piga picha pande zote, pamoja na rula. Andika ulilipata wapi, na kama muuzaji anajua limetoka kaunti gani, andika hilo pia. Kichwa cha shoka kikitoka kwenye lundo bila maneno hayo, kimepoteza nusu ya habari zake, na hakuna siki itakayozirudisha.

Anza kukavu. Vaa glavu na barakoa, kwa sababu vumbi la kutu si la mapafu, na rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, ile metali yenye sumu. Tumia brashi ya waya laini na kijiti cha mbao kwenye pembe. Kisha paka mafuta ya taa, acha yaingie usiku mzima, na usugue tena. Mashoka mengi hayahitaji zaidi ya hapo. Kutu nyekundu itatoka na matope ya kahawia, na ule weusi utajitokeza. Pitisha kidole kwenye mashavu ya shoka kabla hujatumia msasa, kwa sababu chapa iliyolika husikika kwa kidole kabla haijaonekana kwa macho. Angalia pia kwa tochi iliyolazwa ubavuni. Kivuli kitakuonyesha herufi ambazo taa ya juu inazificha.

Kama kutu imeganda, loweka kwenye siki nyeupe ya kawaida, ile ya asilimia 5. Saa 12 hadi 24 zinatosha, na ni vizuri ulitoe katikati ulipige brashi uone limefika wapi. Siki ni asidi: ikimaliza kutu itaanza kula chuma, na kitu cha kwanza kupotea ni kile chenye kina kidogo, yaani chapa na alama za nyundo. Ukilitoa, lisuuze kwenye maji yenye kijiko cha magadi ili asidi iishe nguvu, lioshe tena kwa maji safi, na ulikaushe papo hapo. Usipolikausha, kutu mpya ya rangi ya chungwa itakusalimia asubuhi.

Siki ina zawadi moja. Mashoka mengi ya zamani hayakutengenezwa kwa chuma cha aina moja. Chuma cha pua kilikuwa ghali, kwa hiyo mwili ulifuliwa kwa chuma laini na kipande cha pua kikaunganishwa kwa moto mbele tu, penye makali. Siki hukivika kila chuma rangi yake ya kijivu, na unaweza kuona mstari pale wawili hao walipokutana. Kwenye mwili wa chuma laini unaweza pia kuona mistari kama nyuzi za mti. Hayo ni mabaki ya uchafu wa tanuri uliovutwa kwa nyundo. Usikimbilie kutangaza kwamba mistari hiyo ni ya huku. Chuma laini cha Uingereza cha wakati huo nacho kina nyuzi zake. Ndiyo sababu umbo, tundu au msuka, na alama za nyundo lazima zisomwe pamoja.

Kuna njia ya umeme pia: beseni la plastiki, maji yenye soda, chaja ya betri ya volti 12, shoka kwenye waya hasi na kipande cha chuma cha kawaida kwenye waya chanya. Mkondo huo hulegeza kutu bila kula chuma kizima, kwa hiyo chapa hubaki. Lakini fanya nje, kwa sababu gesi ya haidrojeni inayotoka inalipuka, zima chaja kabla ya kuingiza mkono, na usitumie kijiko au sufuria isiyoshika kutu kama kile chuma cha pili, maana hutoa sumu ndani ya maji. Soda yenyewe ni ndugu wa kitu kinachochimbwa kwenye Ziwa Magadi tangu enzi za kampuni iliyoanzishwa 1911. Ila nunua iliyosafishwa. Magadi ghafi ya sokoni huja na chumvi, na chumvi ni rafiki wa kutu.

Usilolifanya ni hili: usilete grainda. Itakupa shoka linalong'aa kama kijiko cha harusi kwa dakika tano, na dakika hizo zitafuta chapa, alama za nyundo, ule weusi na mstari wa makali. Tena joto lake ni baya. Makali yakigeuka bluu, ugumu umeondoka na hayatashika tena hadi mtu alipashe na kulizima upya. Kwa sababu hiyo hiyo usilitupe motoni ili kuchoma kipande cha mpini kilichokwama. Kitoboe kwa keekee na ukisukume. Mwisho, paka mafuta ya mashine ya cherehani, futa yaliyozidi, na uhifadhi pakavu.

Yote haya ni kwa shoka la kawaida. Kuna shoka ambalo hupaswi kulisafisha kabisa, na hapa sheria inaingia. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inasema kitu cha kale ni kile kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Ukichimba msingi wa nyumba ukakuta shoka la msuka pamoja na vigae vya vyungu na mavi ya chuma, weka brashi chini. Kutu yenyewe inaweza kuwa imeshika mabaki ya mpini, mbegu au makaa yanayoweza kupimwa umri. Kazi yako hapo ni kuacha kila kitu kilipo na kuwapigia Makumbusho.

Lakini tazama vizuri ule mwaka. 1895 ndio mwaka Uingereza ilipotangaza himaya yake hapa. Mstari wa sheria umechorwa pale mgeni alipoingia mlangoni, kana kwamba baada ya hapo mambo yote yalikuwa ya kisasa. Shoka lililopigwa 1890 ni la kale. Shoka lililopigwa 1920 na mtoto wa mhunzi yule yule, kwa nyundo ile ile, kwa umbo lile lile, haliingii kwenye maana hiyo. Waziri anaweza kutangaza vitu vingine vilindwe, lakini hakuna waziri atakayesimama Gikomba kukagua kila gunia. Na mashoka mengi yaliyobaki mikononi mwa watu ni ya baada ya mstari huo, ya ule wakati wa kuvutia kuliko wote, ambapo chuma cha Birmingham kilikuwa kinapigwa kwa akili ya huku.

Upande wa pili kuna sheria nyingine, ya vyuma chakavu ya 2015, na amri iliyokuja Januari 2022. Minara ya umeme ilikuwa imeanguka, nchi ikakaa gizani, na Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara yote ya vyuma chakavu hadi Mei, masharti mapya yalipotolewa. Tangu nyaya za simu za Wanandi, serikali zetu zimejua kukiogopa chuma kuukuu. Zinauliza kimeibwa wapi. Hazina sababu ya kuuliza kina umri gani au nani alikipiga. Kwenye vitabu vya mnunuzi, shoka la muturi na boliti ya mnara vina safu moja, nayo ni ya kilo.

Baada ya mzani ni tanuri. Viwanda vyetu huyeyusha vyuma chakavu na kutoa nondo za ujenzi. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba, ndani ya nguzo za ghorofa unaloishi, kuna kipande cha shoka ambalo mtu aliosha mchanga mtoni kulipata. Hakuna dhambi katika hilo. Wahunzi wenyewe walikuwa wa kwanza kugeuza kitu kuwa kitu. Tofauti ni kwamba mhunzi alijua anageuza nini.

Kwa hiyo ukianza kazi hii, nunua lile lenye chapa ukipenda. Ni zuri kujifunzia, na Elwell atakuvumilia. Lakini kabla hujaondoka, uliza kama kuna lingine, lile lenye mkia. Litakuja na bei ya kutupa kwa sababu hakuna anayelitaka. Lipige picha, lisugue kwa mafuta ya taa, liachie weusi wake. Kisha ukienda nyumbani kwenu mwulize mzee yeyote aliyewahi kupasua kuni aina hiyo iliitwaje kwa lugha yenu, mpini ulichongwa kwa mti gani, na mhunzi wa mwisho wa pale alikuwa wa ukoo upi. Andika majibu kwenye karatasi, uifunge na shoka. Kwa wakati huu, hiyo karatasi ndiyo chapa pekee litakayowahi kupata.